Kufa Kwanza, Cheza Baadaye: Gemu za Chemshabongo za Kijapani kwa Asiyejua Kijapani

Nilifuta mafumbo themanini na kitu kwa kubonyeza kitufe mara moja. Ilikuwa usiku, nina kaseti ya Game Boy ya Kijapani, na kioo kikaniuliza swali nisiloweza kulisoma. Chini yake palikuwa na majibu mawili. Nikachagua la kwanza, kama afanyavyo kila mwenye haraka. Swali lenyewe, nilikuja kujua baadaye, lilikuwa けしますか, yaani "nifute?", nami nikajibu ndiyo. Kazi ya wiki tatu ikayeyuka bila hata mlio.

Kwa hiyo tuanzie hapo. はい ni ndiyo, いいえ ni hapana. Huna haja ya kujua zinavyosomwa, zihesabu tu: herufi mbili ni ndiyo, tatu ni hapana. Ukiona swali limeanza na け, toa kidole kwenye kitufe kwanza, uangalie upya. Na kwenye ukurasa wa mwanzo wa gemu nyingi utakuta maneno mawili yenye herufi tano tano, はじめから na つづきから. La kwanza ni "anza upya", la pili ni "endelea ulipoishia". Mwisho wao unafanana, basi macho yaende mwanzo: ile つ iliyokaa kama ndoano iliyolazwa ndiyo ya kuendelea. Nimeyaandika ndani ya jalada la daftari langu la gemu, na kusema kweli msamiati wangu wa Kijapani haujasogea mbali na hapo.

Haujahitaji kusogea. Gemu ya kusimulia hadithi itakukwamisha mlangoni kama hujui lugha. Chemshabongo haina hadithi, ina sheria, na sheria zake huonekana kwa macho. Tangu Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, ilipoingia madukani Japani tarehe 15 Julai 1983, gemu za aina hii zilitoka kwa wingi, na nyingi hazikuvuka bahari. Baadhi zilizovuka zilivalishwa nguo nyingine. Panel de Pon, iliyotoka kwenye Super Famicom (ndiyo Super Nintendo ya Kijapani) mwaka 1995 ikiwa na vijimalaika vya msituni, iliuzwa Marekani mwaka uliofuata kwa jina Tetris Attack, vijimalaika vimeondolewa na kuwekwa wahusika wa Yoshi, ingawa haihusiani na Tetris hata kidogo. Cosmo Gang the Puzzle ya Namco ikageuka Pac-Attack. Puyo Puyo ya kampuni ya Compile, ya Hiroshima, ikawa Dr. Robotnik's Mean Bean Machine kwenye Mega Drive, na Kirby's Avalanche kwenye Super Nintendo. Kwa hiyo kabla hujasema hujawahi kuicheza gemu fulani, itazame vizuri. Huenda mnafahamiana.

Vitufe vyote, hata usivyovihitaji

Ukishaingia ndani ya mchezo, usicheze. Bonyeza kila kitu: mishale minne mmoja mmoja, A, B, L, R, Select. Angalia kila kimoja kinafanya nini na ukiandike. Inaonekana kama kupoteza muda mpaka ukutane na Tetris ya Famicom ya mwaka 1988, ile ya kampuni ya BPS, ambamo mshale wa chini haushushi kipande. Unakigeuza. Kitufe cha A, ambacho mikono yote duniani imezoea kugeuzia, ndicho kinachokidondosha papo hapo. Mara ya kwanza nilicheza kwa dakika kumi nikidhani padi ni mbovu. Nikaifungua, nikaisafisha, nikaifunga. Padi haikuwa na tatizo lolote.

Kwenye PlayStation za Kijapani zilizotangulia PlayStation 5 kumbuka kuwa duara ndiyo kukubali na msalaba ni kurudi nyuma, kinyume na wengi wetu tulivyozoea. Hili nalo limenitoa kwenye menyu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kufa makusudi

Sasa ufe. Nina maana hiyo hiyo: michezo mitatu ya kwanza cheza ili ushindwe. Mtu anayejaribu kushinda gemu asiyoijua anakazana kubaki hai, na kila anapobaki hai hajui kilichomwokoa. Anayekufa makusudi anakiona kinachoua.

Mfano mzuri ni Puyo Puyo Tsu ya mwaka 1994. Uwanja una safu sita. Vijidonge vinashuka viwili viwili, na vinne vya rangi moja vikigusana vinatoweka. Cheza mara ya kwanza, rundika kila kitu safu ya mwisho kulia mpaka kiguse dari. Utashangaa: hufi. Rundika na ya pembeni yake. Bado uko hai. Mara ya pili rundika safu ya tatu kutoka kushoto peke yake, zile nyingine ziache tupu kabisa. Unakufa pale pale. Sheria ni kwamba vijidonge vipya huingilia safu ya tatu, na ukiuziba mlango umejiua mwenyewe, hata kama nyumba ina nafasi tele. Nimeona watu waliocheza miaka wakiogopa kila safu inayopanda juu. Wewe utaijua siri hiyo ndani ya dakika tano, kwa kifo kimoja.

Kwenye toleo la Tsu pia, ukilipua vyako wakati mwenzako amekutumia vijidonge vya takataka, mlipuko wako unazifuta takataka zile kabla hazijakuangukia. Puyo Puyo ya kwanza haikuwa na kitu hicho. Ukitumiwa, umetumiwa. Kwa hiyo ya kwanza ni gemu ya kuwahi, ya pili ni gemu ya kusubiri, japo kwa macho zinafanana kama pacha.

Panel de Pon kwa karibu

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Vipande vinapanda kutoka chini: moyo mwekundu, duara la kijani, nyota ya njano, pembetatu ya bluu mpauko, almasi ya zambarau. Wewe una fremu inayoshika vipande viwili vilivyo sambamba, na kazi yako ni kuvibadilishana nafasi. Kushoto na kulia tu. Huwezi kubadilisha cha juu na cha chini, na hapo ndipo ugumu wote ulipo. Vitatu vya aina moja vikikaa mstari mmoja, wima au mlalo, vinatoweka. Kipande cha juu kikigusa dari, umekufa. L au R inalipandisha rundo haraka kama unaona mambo yamepoa.

Kutoa vitatu vitatu ni kazi ya mtoto na hakukufikishi popote. Thamani iko kwenye mnyororo: vya kwanza vinatoweka, vilivyokuwa juu yake vinaanguka, na vinapotua vinaunda tatu nyingine. Mnyororo mdogo kabisa unapangwa hivi. Chini kabisa, safu ya kwanza na ya pili, weka moyo na moyo. Safu ya tatu iwe na nyota chini, juu yake kipande chochote, juu yake nyota tena, na kileleni moyo. Nyota ya tatu iwe safu ya nne, ngazi ya pili kutoka chini. Peleka fremu ngazi hiyo ya pili, katikati ya safu ya tatu na ya nne, ubonyeze. Nyota inaingia kati ya wenzake, tatu zinasimama wima, zinawakawaka, zinatoweka. Moyo uliokuwa kileleni unashuka ngazi tatu na kutua kando ya mioyo miwili iliyokuwa inaungoja. Hapo kioo kitakuandikia 2.

Nilikuwa naupanga mnyororo huo, naubonyeza, kisha naweka mikono mapajani kuutazama. Mpwa wangu wa miaka tisa aliketi kando yangu siku moja, akanitazama kama raundi nne hivi, akashindwa kuvumilia.

"Mjomba, mbona umesimama?"

"Nasubiri vitoweke."

"Si vinawaka bado? Sogeza vingine!"

Akanyang'anya padi. Wakati nyota zangu zinawakawaka, yeye alikwenda upande wa pili, akahamisha almasi mbili, na mioyo ilipotoweka kitu kingine kikaanguka mahali alipokuwa ametengeneza dakika hiyo hiyo. Tatu. Kisha nne. Gemu ilikuwa inanipa muda wote huo bure, maana vipande vinapowaka rundo halipandi, nami nilikuwa nautumia kupumzika. Tangu siku hiyo sipangi mnyororo mzima mwanzoni. Naanzisha ule mdogo wa 2, halafu naujenga ukiwa unatembea.

Kama unaanza, usiingie moja kwa moja kwenye kupigana na mashine. Tafuta hali ya mafumbo: unapewa vipande vichache vilivyotulia, na namba ya hatua unazoruhusiwa, labda mbili au tatu, umalize vyote. Hakuna kinachopanda, hakuna haraka, na hakuna neno la Kijapani la kukusumbua isipokuwa tarakimu. Ndiyo shule yenyewe. Na huhitaji kusaka kaseti ya zamani: Panel de Pon iliwekwa kwenye huduma ya Nintendo Switch Online mwaka 2020, ikiwa na sura yake ya Kijapani.

Za kusukuma

Mzee wa ukoo huu ni Sokoban, yaani mtunza bohari, iliyobuniwa na Hiroyuki Imabayashi na kutolewa mwaka 1982 na kampuni yake, Thinking Rabbit, kule Takarazuka. Ilianzia kwenye kompyuta, ikahamia karibu kila mashine iliyokuwa na kioo. Unasukuma masanduku mpaka kwenye alama. Unaweza kusukuma, huwezi kuvuta, na huwezi kusukuma mawili kwa pamoja.

Kufa hapa hakuna, na hilo ndilo baya lake. Gemu haikuambii umeshindwa. Nimewahi kukaa siku mbili na fumbo moja ambalo nilikuwa nimeliua kwenye msukumo wa pili. Sanduku likiingia kona isiyo na alama, limekwisha. Sanduku likigusa ukuta halitoki tena kwenye ukuta ule, kwa hiyo kama ukuta huo hauna alama hata moja, nalo limekwisha. Masanduku mawili yaliyobanana ubavu kwa ubavu ukutani hayatenganishiki. Jifunze kuziona hali hizi tatu kwa jicho moja, uanze upya bila huruma. Na fumbo likikataa kabisa, lichukue kinyumenyume: yaweke masanduku kichwani mwako yakiwa tayari kwenye alama, ujiulize kila moja lingevutwa kutokea wapi. Mara nyingi utakuta kuna sanduku moja lenye njia moja tu, na hilo ndilo linalopaswa kuingia la mwisho au la kwanza.

Eggerland ya HAL Laboratory iliongeza maadui kwenye wazo hilo. Ilianza kwenye kompyuta za MSX mwaka 1985, ikaingia kwenye diski za Famicom mwaka 1987, na huko nje ikajulikana kama Adventures of Lolo. Unakusanya mioyo yote, sanduku la hazina linafunguka, unachukua kilichomo. Ukiingia chumbani usiguse mshale. Tafuta Medusa kwanza, maana ukikatiza mbele ya macho yake katika mstari ulionyooka, umekufa. Mimi huchora chumba kwenye daftari la mraba na kupiga mistari kutoka kila Medusa, halafu naangalia vile vizuizi vya kijani vinavyosukumika vinaweza kukata mstari upi. Jambo la pili ni yule joka anayelala, Gol. Mioyo ikiwa bado ipo analala tu, hana neno. Ukichukua wa mwisho anaamka na kutema moto. Kwa hiyo usichukue moyo wa mwisho kabla hujaweka kizuizi mbele ya mdomo wake. Vyumba vingi vilivyonishinda vilinishinda kwa sababu hiyo moja: nilishangilia mapema.

Na kama una Game Boy, tafuta Pitman ya mwaka 1990, ambayo nje iliitwa Catrap. Ilizaliwa kama programu ya kompyuta ya MZ-700, ikichapishwa kwenye jarida la Oh!MZ mwaka 1985, wasomaji wakiinakili wenyewe. Ina mafumbo 100, mawe, ngazi, mchanga unaochimbika, na kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho: unaweza kurudisha muda nyuma, hatua kwa hatua, mpaka pale ulipokosea. Kwa hiyo hapa kanuni yangu inageuka. Usifikiri sana. Piga mbele mpaka ukwame, kisha rudi taratibu ukitazama, na utaiona hatua yenyewe iliyoharibu. Ni mwalimu mpole kuliko Sokoban. Ningekutana nayo mwanzo ningeokoa zile siku mbili.

Za kuhesabu

Picross, yaani mafumbo ya kupaka visanduku mpaka picha ijitokeze, hazihitaji kufa, zinahitaji penseli. Namba zilizo pembeni zinakwambia mstari una visanduku vingapi vya kupakwa, mfululizo. Kwenye Mario's Picross ya Game Boy, ya mwaka 1995, una dakika 30, na ukikosea kosa la kwanza linakula dakika 2, la pili 4, na kuanzia la tatu ni 8 kila moja. Makosa matano yanatosha kukutoa. Kwa hiyo hakuna kubahatisha.

Hesabu inayokuvusha ni moja. Mstari una visanduku 15, namba ni 9. Isukume 9 yote kushoto: inashika cha 1 hadi cha 9. Isukume yote kulia: cha 7 hadi cha 15. Vya 7, 8 na 9 vimepakwa katika hali zote mbili, basi vipake bila wasiwasi. Namba zikiwa mbili, fanya vivyo hivyo. Mstari wa 10 wenye 4 na 3: ukiongeza nafasi moja ya kuzitenganisha unapata 8, zimebaki 2 za kuchezea. Ondoa 2 kwenye kila namba. Ile 4 inakupa visanduku viwili vya hakika, cha 3 na cha 4. Ile 3 inakupa kimoja, cha 8. Namba isiyozidi nafasi zilizobaki haikupi kitu, iruke. Mimi huanza na kuzungukia pande zote mbili nikifanya hesabu hii tu, bila kuangalia picha inayojitokeza. Ukianza kukisia kuwa ni paka, utapaka masikio mahali yasipostahili.

Ukimaliza hiyo kuna Picross 2 ya mwaka 1996, iliyobaki Japani, na Mario no Super Picross ya Super Famicom, ambayo nayo imewekwa kwenye Nintendo Switch Online. Hii ya mwisho ina upande wa Wario, ambako hakuna muda wala adhabu, na hakuna wa kukwambia kuwa umekosea. Watu huuona rahisi. Mimi naona ndio mgumu, kwa sababu kosa la dakika ya tano unaweza kulibeba mpaka ya arobaini.

Vyombo, kwa kifupi

Game Boy haibagui: kaseti ya nchi yoyote inaingia. Super Famicom na mashine ya Marekani zinaelewana kwa umeme, isipokuwa ile ya Marekani ina vijiti viwili vya plastiki ndani vinavyozuia kaseti ya Kijapani kukaa. Kaseti ya Famicom ina pini 60 na ya NES, yaani Famicom ya nje ya Japani, ina 72, kwa hiyo lazima adapta. Famicom ya awali hutoa picha kwa mawimbi ya antena tu, na ukiweza kupata lile toleo la mwaka 1993 lenye nyaya za AV utajipunguzia maumivu ya kichwa.

Umeme ndio wa kuogopa. Japani hutumia volti 100, na chaja yake ukiichomeka kwenye 220 au 240 utanusa harufu kabla hujaona moshi. Pia chaja ya NES usiipeleke kwenye Famicom hata kama kichwa kinaingia. Ile hutoa umeme wa AC, Famicom inataka wa DC.

Ukinunua kutoka Japani, neno ジャンク kwenye tangazo lina maana ya kitu kinachouzwa bila dhamana yoyote. Mara nyingi ni uchafu tu kwenye pini, na pamba yenye spiriti inamaliza kazi. Ukiona 動作確認済 basi muuzaji amekijaribu na kinawaka. Kwa kaseti inayohifadhi rekodi, uliza pia betri, maana iko ndani imechomelewa kwa risasi, na ikifa kila kitu kinafutika ukizima.

Yangu niliibadilisha mwaka jana. Ile kaseti niliyoifuta nimeirudia tangu mwanzo, na sasa niko fumbo la 64. Sehemu ya menyu yenye け nimeizungushia wino mwekundu kwenye daftari, na mpwa wangu amechora fuvu la kichwa pembeni yake.